Nani Aligonga Mara Mbili

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, na najua ulivyo, ukisoma "wazima" unataka orodha. Basi mama mguu umepungua kuvimba ila mdomo haujapungua. Juzi kamfokea mwenye nyumba kwa ajili ya bati linalovuja mpaka yule mzee akapanda juu mwenyewe na nyundo yake. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, darasa zima linamwita Pengo, na anaitika. Mimi nina kikohozi cha vumbi la nyuzi. Ni ugonjwa wa kazi, tumeshazoeana.

Sasa kilichonikalisha hapa. Jana nimekuta karatasi imebandikwa kwenye dirisha la tiketi. Kuanzia tarehe moja Machi mabasi ya kampuni yenu hayabebi baiskeli. Hakuna sababu wala maelezo, ni mhuri na saini ya meneja tu. Nimemuuliza mkata tiketi, anasema eti kulitokea ajali huko kwenu mjini. Ajali gani? Hajui. Aliumia nani? Hajui. Yule bwana alikuwa anatafuta kalamu yake wakati iko sikioni kwake, kwa hiyo nimemsamehe.

Wewe kazi yangu unaijua, na spana ya kwanza kushika ulinipa wewe. Jumatatu naingia basi la asubuhi, baiskeli kwenye buti, nashuka njia panda. Pale hakuna gari linaloingia ndani. Nafunga sanduku la vifaa kwenye karia, nakanyaga pedali siku tatu: karakana tatu za ushonaji na ile shule ya ufundi, cherehani hamsini na kitu, zote zinanisubiri mimi. Hii inaruka nyuzi, ile mkanda umekatika, nyingine imekwama kwa sababu mtu kaitia mafuta ya kupikia. Jumatano jioni narudi. Bila baiskeli unga wangu umemwagika, na nyumba hii inakula kwa unga huo huo.

Umepakia mizigo kwenye kampuni hiyo miaka ishirini na miwili. Hata mabosi wanakuita Mzee Kamba, kwa kuwa mzigo uliofunga wewe haujawahi kufunguka njiani. Nenda kamwone meneja. Mwambie kuna watu wanaotegemea hicho kijinafasi cha pembeni kwenye buti. Na uniambie hiyo ajali ni ipi.

Nijibu upesi. Simu sikupigii, unajua mwenyewe simu zetu zinavyoishia.

Mpwa wako,
Spana


21 Februari

Mpwa wangu Spana,

Marahaba, na nyingine ya akiba kwa siku utakayosahau kuniamkia. Barua yako imekaa mezani kwangu majuma mawili, ikiniangalia nami nikiiangalia. Usinikasirikie. Dada yangu mwambie nimefurahi kusikia mdomo uko salama, maana siku mama yako akinyamaza ndipo tutakapoita daktari. Pengo mwambie nami nina yangu, tutafananisha.

Mimi ni mzima. Chumba ni kile kile, cha pili kutoka bombani. Jirani kanunua redio kubwa kama kabati na wapangaji wote wanalalamika, ila mimi hainisumbui hata kidogo.

Ajali uliyouliza ilitokea tarehe kumi na nane Januari, saa tatu asubuhi. Basi la kutoka huko juu lilipita kwetu kushusha abiria, kisha liende kituo cha pili. Unajua tunavyofanya kazi: dereva haoni buti, kwa hiyo tunazungumza naye kwa kugonga bodi. Mara moja, simama. Mara mbili, twende. Ndivyo ilivyo tangu enzi ya mabasi yenye pua. Sasa kulikuwa na abiria, mwalimu wa hesabu, anatoa baisikeli yake upande wa kushoto. Ripoti inasema abiria huyo aligonga mara mbili kabla hajamaliza kuitoa. Basi likaondoka. Baisikeli ikaingia chini ya tairi la nyuma na yeye akavunjika vidole viwili vya mkono wa kulia. Wakubwa wakasema baisikeli ni hatari, abiria wanajigongea wenyewe, basi zisipande kabisa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Kwa meneja nisingependa kwenda sasa hivi. Hashikiki. Ushauri wangu ni huu: tafuta baisikeli ya pili, hata kuukuu, uiache kwa mtu mwaminifu pale njia panda. Utakuwa unashuka mikono mitupu kama waziri.

Nisalimie wote. Na mumeo naye nisalimie sana, mwambie aache uvivu, aniandikie japo mstari mmoja.

Mjomba wako


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama yuko kitandani na mafua, Pengo kapata jino moja, linaota kwa upande. Salamu zako nimezifikisha zote isipokuwa moja, hiyo tutaizungumza siku nyingine.

Ushauri wako nimeufuata. Nikapata baiskeli kuukuu, nikaiacha kwa mama mmoja mwenye duka pale njia panda. Jumatatu iliyofuata nikakuta fremu imeegemezwa ukutani, haina tairi hata moja. Mama wa watu ananiambia, "Lakini kiti kipo." Kweli, kiti kipo.

Nikaona nitumie akili yangu mwenyewe. Nikaifungua baiskeli yangu nzuri, tairi pembeni, usukani nikaugeuza, pedali nikazitoa, nikaviringisha magunia na kufunga kwa fundo lako. Kondakta akaupapasa mzigo.

"Dada, hii nini?"

"Cherehani."

Akautikisa. Kengele ikalia humo ndani ya gunia.

"Cherehani yako inaomba njia?"

Basi zima likacheka, hata mimi nilicheka, kisha likaondoka na kuniacha na gunia langu. Gunia nikaliacha kituoni, nikasubiri gari dogo lingine la kunifikisha njia panda, nikaingia ndani kwa miguu, sanduku kichwani. Saa tatu na nusu za kutembea. Nilipofika karakana ya kwanza, mafundi walikuwa wamekaa tangu asubuhi mikono mapajani, mashine sita zimesimama. Mwenye karakana hakugombana na mimi, na hilo ndilo lililonitisha. Alinipa maji ya kunywa, akaniambia amepata fundi mwingine mwenye pikipiki. Moja imekwenda hivyo, Mjomba. Zimebaki mbili na shule. Usiku nahesabu mabati ya dari.

Lakini hiyo si habari kubwa. Huyo mwalimu wako wa hesabu anafundisha kwenye shule yangu ya ufundi. Nimemtukana moyoni majuma haya yote, kumbe ni yule bwana mpole anayenishikia taa nikiwa chini ya meza za cherehani. Kila mwisho wa juma alikuwa anapeleka baiskeli mjini amtembelee mama yake anayeishi mbali na kituo. Sasa vidole viwili havikunjiki, chaki anaishika kwa mkono wa kushoto na maandishi yake ubaoni yanapanda mlima. Na unajua wanafunzi wanamwitaje? Mara Mbili. Akiingia darasani wanagonga madawati, ko, ko. Nimeisikia kwa masikio yangu nikaweka bisibisi chini.

Nikamuuliza ana kwa ana. Akasema, "Niligonga mara moja. Dada yangu, moja na mbili ndiyo kazi yangu."

Namwamini. Kwa hiyo mtu mwingine aligonga. Sisi wenye baiskeli tuko kumi na wawili, tumeandika barua na kutia sahihi, na meneja amekubali kikao tarehe ishirini na tano Aprili huko ofisini kwenu. Mwalimu anasema ripoti iliandikwa na mpakiaji; tunataka huyo aje aseme alichokiona. Wapakiaji mko wanne tu. Ni nani, Mjomba? Niambie jina nimalizane naye.

Spana


30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mafua ya mama yako mpe maji ya moto na muda.

Achana na huyo mwalimu. Wewe una watu wa kulisha, usijibebeshe kesi ya mtu usiyekula naye. Kikao chenu kitawaudhi wakubwa na baisikeli hazitarudi. Hao wapakiaji unaotaka kumalizana nao ni watu wenye umri, wenye kazi moja tu wanayoijua. Ukimtoa mtu kazini kwa ajili ya kugonga bodi, utapata faida gani? Vidole vya mwalimu havitakunjika.

Fikiria kuhamia mjini. Huku cherehani ziko kila kichochoro.

Msalimie mumeo.

Mjomba


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Watu wa nyumbani wazima. Leo sina habari nyingine za kutia utamu.

Ofisi yenu imempa Mwalimu nakala ya ripoti. Jina na saini ya mpakiaji wamevifunika kwa karatasi kabla ya kutoa kopi, wakaona wamemaliza kazi. Mwalimu akaniletea tuisome pamoja chumba cha ushonaji, mezani, kati ya vipande vya vitambaa. Mstari wa kwanza tu nikakaa chini.

"Abiria alikuwa akitoa baisikeli yake."

Baisikeli. Kila mtu ninayemjua anaandika baiskeli. Anayeandika baisikeli ninamjua mmoja, na g zake zina mkia uliopinda kama ndoano, na ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa naandika jina langu mara ya kwanza. Mwalimu akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ni kikohozi.

Barua nne zimepita kati yetu, Mjomba. Umeniambia "ripoti inasema," "hivyo ndivyo ilivyoandikwa," kana kwamba karatasi ilikaa ikajiandika. Umenishauri baiskeli ya pili, umenishauri nihame mji, na muda wote huo umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, ona mwenyewe hapo juu.

Sijamwambia Mwalimu. Mama pia sijamwambia, angepanda basi leo hii na mguu wake. Nakuuliza wewe kwanza na nataka jibu la neno moja. Aligonga mara ngapi?

Karakana ya pili nayo imenipa mpaka mwisho wa mwezi. Kikao hicho kikipita bila kitu, Mei nafunga sanduku.

Mpwa wako bado


14 Aprili

Mwanangu,

Moja.

Nimekaa na neno hilo tangu Januari. Sasa umelipata, ngoja nikupe na mengine.

Upande wa kushoto Mwalimu alikuwa anavuta baisikeli, pedali imenasa kwenye kamba. Akagonga mara moja, kumwambia dereva asubiri. Alifanya sawasawa. Mimi nilikuwa upande wa kulia nafunga mlango wa buti. Nikachungulia, nikaona tairi bado limo ndani. Nami nikagonga mara moja, kumwambia dereva asubiri. Dereva akahesabu: moja, mbili. Twende. Sisi wawili tulisema simama, na zikajumlishwa zikawa twende.

Utasema hiyo ni bahati mbaya. Hapana. Kituoni kwetu mtoto mdogo anajua: akishagonga mmoja, mwingine haugusi tena mwili wa basi. Mkono mfukoni. Miaka ishirini na miwili nimewafundisha wengine sheria hiyo. Mimi niliivunja kwa sababu ule mlio wa kwanza wa Mwalimu, hatua tatu kutoka niliposimama, sikuupata. Haukunifikia; nilijua amegonga pale tu dereva aliposema amesikia mbili, nami nimegonga moja.

Masikio yangu yamekwenda, Spana. Mwaka wa tatu huu. Yalianza na filimbi ndogo, kisha kama nimezibwa kwa pamba, kisha hivi yalivyo. Hakuna anayejua. Injini naijua kwa kuweka kiganja kwenye bodi. Watu nawasoma midomo, na asiye na midomo mizuri namchekea tu na kuitikia, na kwa kuwa mimi ni mzee mcheshi hakuna anayeshangaa. Redio ya jirani sijawahi kuisikia. Nilisema hainisumbui, na hilo halikuwa uongo.

Nilipoona ameshika mkono wake na damu, nilitaka kusema pale pale. Kisha meneja akanipa karatasi, dereva akasema amesikia mbili, watu wote wakanitazama, na nikamwandika yule ambaye hakuwepo kujitetea. Naona aibu. Kila siku nikifunga mzigo naona ule mkono.

Lakini nisikilize. Mpakiaji asiyesikia haachwi kazini hata siku moja, na wako sahihi. Nimebakiza mwaka na miezi miwili nistaafu. Mke wangu, Mungu amrehemu, kaniacha na chumba kimoja na ukimya. Nikikaa humo nitaongea na nani, na huyo nani nitamsikiaje? Nakuomba, mimi nisiyekuomba kitu tangu uzaliwe, niache nimalize. Baisikeli zitarudi wakishasahau. Wakubwa husahau.

Mjomba wako


19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Nami nina deni la habari kwako. Mwaka juzi, mwezi wa Juni, nilikupigia simu kutoka kwenye kibanda cha pale kituoni. Nilikuambia mume wangu amechukua nguo zake na ameondoka, ana mwanamke mwingine na hatarudi. Nililia kwenye simu hiyo. Wewe ukasema, "Vizuri sana, vizuri sana, msalimie." Ukacheka, ukakata.

Tangu siku ile sikukupigia tena. Nilidhani umenidharau. Nilidhani upande wake ndio wako, kwa sababu mlikuwa mnapatana. Kila barua unamsalimia, na kila barua nilitaka kuichana. Miaka miwili, Mjomba, nimekuchukia kiasi kwa ajili ya kitu ambacho hukukisikia. Ungeniambia tu. Mimi ni fundi, nimezoea kuambiwa kitu kimeharibika.

Sasa kuhusu ombi lako. Nimelizungusha mpaka mama ananiuliza kwa nini nasugua sufuria ile ile. Huwezi kuniomba hivyo. Wewe umebakiza mwaka na miezi miwili, mimi nimebakiza majuma mawili. Na Mwalimu kila asubuhi anaingia darasani na kugongewa madawati. Tena safari ijayo huenda lisiwe suala la vidole.

Lakini kukutaja mbele ya watu siwezi. Nimejaribu kujisikia nikilitamka jina lako chumba kile, ulimi umekataa. Na kukaa pale nikijua na kunyamaza pia siwezi. Kwa hiyo kikaoni siji kabisa. Sahihi zetu kumi na mbili atakuja nazo Mwalimu. Hajui kitu, na mimi sitamwambia.

Chumbani humo anayejua ukweli atakuwa mmoja tu.

Spana


28 Aprili

Mwanangu Spana,

Salamu kwako, kwa dada yangu, na kwa Pengo. Wa nne simtaji tena. Nimeisoma habari ile ya Juni na nikaukumbuka mchana ule: nilikuwa dirishani nimebana simu sikioni, nikasikia kama mtu anaongea ndani ya ndoo, nikafikiri unanipa habari njema kwa sababu sauti ilikuwa inapanda. Unisamehe. Kama nilicheka, nilicheka ili usijue.

Kikao kilifanyika Ijumaa, chumba cha juu cha ofisi, kile chenye meza ndefu na feni. Meneja, dereva, sisi wapakiaji wanne ukutani, Mwalimu peke yake upande wa pili na karatasi yenu ya sahihi. Nilikuwa natazama mlango. Niliogopa utaingia, na mlango ulipofungwa bila wewe, nikaogopa zaidi.

Nilikaa mahali ninapoona midomo yote. Meneja akasoma ripoti. Akamuuliza Mwalimu aligonga mara ngapi. Mwalimu akainua kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Dereva akatikisa kichwa, akainua viwili. Kisha mmoja wa wenzangu akagonga meza, nikaona mkono wake ukipanda na kushuka mara mbili, na watu wakacheka. Mpwa wangu, mimi kicheko kile sikukisikia. Nilikiona tu. Ukiona watu wanacheka bila sauti, unaona nyuso zilivyo hasa. Mwalimu alikuwa anakunja na kukunjua karatasi yenu, na vile vidole viwili vimebaki nje vimenyooka.

Nikasimama. Nikamwambia dereva, "Geukia ukutani, kaka." Akageuka. Nikamwambia Mwalimu, "Gonga meza kama ulivyogonga siku ile." Akanitazama, akagonga mara moja. Nami upande wangu nikagonga mara moja. Nikamuuliza dereva, "Umesikia ngapi?"

Akanigeukia. "Mbili," akasema. "Twende."

Hakucheka mtu. Nikasema, "Ya pili ni yangu. Mwalimu aligonga moja. Ripoti niliandika mimi, na niliandika uongo."

Meneja akafungua mdomo. Aliuliza kitu, ila alikuwa amefunika kidevu kwa mkono na sikukipata. Akarudia, sikukipata. Siku zote hapo ndipo ninapocheka na kusema "ndiyo bosi." Safari hii nikamsogezea kalamu na karatasi. Akaandika, nikageuza karatasi nikasoma: *Hukusikia, au husikii?*

Angalia watu walivyo na akili. Sikusikia ni ya siku moja. Injini ilinguruma, upepo ulivuma, yamekwisha, kesho narudi kazini. Ningeweza kuichukua ile. Niliishika mdomoni kabisa.

Nikasema, "Sisikii."

Mwalimu wamemwandikia barua ya kumwomba radhi, itasomwa shuleni kwake mbele ya wanafunzi wote. Nimewaomba niitie saini mimi, kwa jina langu zima, bila kufunikwa. Tulipotoka nilimwomba radhi na mdomo pia. Alinijibu kitu kirefu, polepole, uso kwa uso. Nusu nilikipata. Nusu niliyoipata inatosha.

Kugonga bodi kumefutwa. Mtu akiwa na baisikeli, mpakiaji asimame mahali anapomwona, na dereva asiondoke mpaka apewe ishara ya mkono. Jumatatu ijayo baisikeli zinarudi kwenye buti. Mimi sirudi. Walitaka nibaki wiki moja niwafundishe wenzangu mafundo, nikasema sawa, kisha nimefika kituoni siku ya kwanza nikashindwa kuingia getini. Nimeketi ngazini nikitazama wanavyofunga. Wanafunga vibaya.

Sina la kukuficha sasa, na ni ajabu jinsi mtu anavyochoka akishatua. Nalala mchana. Naamka sijui niende wapi, nafagia chumba kilichofagiliwa.

Jumatatu ukifika njia panda, nenda kwanza kwenye karakana yako, uwaokoe wale mafundi. Ukimaliza mzunguko wako, njoo. Usije kunililia. Vuta kiti kikabiliane na changu, kaa kwenye mwanga, na uniambie tena taratibu, moja moja, yote uliyoniambia miaka hii miwili nikawa naitikia tu.

Mjomba wako